SOMO LA NOVEMBA: TUMKUMBUKE MWALIMU KWA NAMNA GANI?

Masomo ya kusoma: Matendo ya Mitume 9:36-42, Waebrania 13:7



Mwezi huu ndio mwezi wa kuwakumbuka marehemu wetu. Tarehe 1 tunaadhimisha Watakatifu Wote, na tarehe 2 tunawaombea Marehemu Wote na kuwataja majina mbele ya altare. Mwaka huu orodha yetu imeongezeka jina la mwalimu aliyetufundisha Kiingereza wengi wetu, watu wa Njombe na watu wa Makambako. Hatulitaji jina hilo hapa, kwa sababu mwenyewe hakupenda kutajwatajwa, na waliofundishwa naye wanamjua. Tumeona vema somo letu liulize swali moja: mwalimu akifa, wanafunzi wake wamkumbuke kwa namna gani?

1. Yaliyotokea siku ya maziko

Siku ile tulifika wengi. Wenzetu wa Makambako walikodi basi, wakapanda asubuhi na mapema, ukungu ungali barabarani. Baada ya ibada padre aliwapa nafasi wanafunzi wa marehemu waseme machache. Tukasema mengi. Na kwa kuwa tulikuwa tukimwaga mwalimu wa Kiingereza, kila aliyesimama alisema kwa Kiingereza, tena kile kigumu cha vitabuni. Tulidhani tunampa heshima.

Mama Mwalimu alikuwa ameketi mkekani pamoja na wifi zake. Tulimsifu mumewe mbele ya macho yake, naye hakuelewa tunasema nini. Hakuna hata mmoja wetu aliyefikiri kumtafsiria.

Ndipo bibi mmoja, jirani yao, akaomba ruhusa ya kusema. Alisema kwa Kibena, maneno machache tu. Alieleza kwamba kwa miaka mingi, kila alipotoka hospitali, alimpelekea mwalimu karatasi na pakiti za dawa, naye akamsomea: hii mara mbili kwa siku, hii baada ya kula. Hata dawa ya kupulizia viazi alimsomea maandishi yake, akamwonya asiishike kwa mikono mitupu. Kisha bibi akauliza, "Sasa nitampelekea nani?" Akaketi.

Tulinyamaza. Kati yetu walikuwamo wauguzi, maofisa wa kilimo, makarani na walimu, na wote tulikipata Kiingereza kwa mtu yule. Hakuna aliyemjibu.

2. Wajane wa Yafa

Sasa tufungue Matendo ya Mitume sura ya 9. Huko Yafa alikuwako mwanafunzi mmoja mwanamke, Tabitha, ambaye pia aliitwa Dorkasi. Aliugua akafa. Wakristo wakatuma watu wawili mpaka Lida kumwita Petro. Alipofika walimpandisha chumba cha juu, na wajane wakasimama karibu naye wakilia.

Tuangalie jambo ambalo wajane wale walifanya. Mtakatifu Luka hakuandika hotuba yao yoyote. Anatuambia kwamba walimwonyesha Petro kanzu na nguo ambazo Dorkasi aliwashonea alipokuwa hai. Sifa za marehemu zilikuwa nguo zile, na mashahidi wake walikuwa watu maskini aliowavika.

Yule bibi wa msibani alikuwa mmoja wa wajane wa Yafa. Alituonyesha vazi alilovikwa. Sisi tulionyesha ufasaha wetu. Kitambaa tulikuwa nacho, tena kingi, lakini tulikuwa hatujamshonea mtu.

Mwandishi wa Waraka kwa Waebrania naye, katika 13:7, anatuagiza tuwakumbuke waliotuongoza na kutuletea neno la Mungu, tuutazame mwisho wa mwenendo wao na kuifuata imani yao. Basi kukumbuka ni kufuata. Anayelia makaburini, kisha akarudi nyumbani bila kufuata, bado hajakumbuka.

3. Mwingereza aliyekubali kuwa mwanafunzi

Pengine mtu atasema, "Kiingereza ni lugha ya wakubwa, kazi yake ni kumpandisha mtu." Hebu tumtazame mtu ambaye Kiingereza kilikuwa lugha ya mama yake.

Wazee wetu walisimuliwa habari za Padre William Percival Johnson. Alizaliwa Uingereza mwaka 1854, akasoma Oxford, akaja Afrika mwaka 1876 pamoja na Askofu Edward Steere, akitumwa na misioni ya UMCA. Alifanya kazi kwa zaidi ya miaka 50, sehemu kubwa kando ya Ziwa Nyasa. Alikwenda kijiji kwa kijiji kwa miguu na kwa meli za misioni: kwanza Charles Janson, iliyoanza kazi mwaka 1885, na baadaye Chauncy Maples, iliyoshushwa majini mwaka 1901. Meli hiyo ya pili ilipewa jina la rafiki yake, Askofu Maples, aliyezama ziwani mwaka 1895.

Katika miaka ya 1880 maradhi ya macho yalimpofusha jicho moja, na la pili likabaki dhaifu. Hata hivyo aliendelea kufundisha, na kwa macho yale mabovu alitafsiri Biblia kwa Kinyanja. Tafakarini, ndugu. Msomi wa Oxford alikubali kuwa mwanafunzi wa watu wa ziwani, kwa maana hakuna ajifunzaye lugha pasipo mtu wa kumfundisha. Hakungoja watu waje kwenye lugha yake, bali aliiendea lugha yao.

Alifariki Liuli mwaka 1928, na huko ndiko alikozikwa. Dayosisi yetu ya South West Tanganyika ilipoanzishwa mwaka 1952, Liuli ilikuwa ndani yake. Leo imo katika Dayosisi ya Ruvuma. Kwa hiyo habari za mzee huyu ni urithi wetu pia.

Mwalimu wetu alikwenda njia hiyohiyo kutoka upande wa pili. Yeye, mtoto wa mkulima wa hapa, alijifunza lugha ya mbali, akairudisha nyumbani imsaidie jirani. Darasani hakuruhusu mtu achekwe kwa kukosea. Madaftari aliyasahihisha kwa penseli, ili mwanafunzi aweze kufuta na kuandika upya bila alama ya aibu kubaki. Baadhi yetu leo tunawacheka watu wanaokosea Kiingereza. Ucheshi huo hatukufundishwa naye.

4. Tufanye nini?

Watoto wetu wengi husoma shule ya msingi kwa Kiswahili, kisha wakifika kidato cha kwanza wanakuta masomo karibu yote yanafundishwa kwa Kiingereza. Wako wanaokata tamaa mapema, si kwa kukosa akili, bali kwa kukosa lugha. Hapo ndipo penye kazi. Tunapendekeza haya:

(a) Jumapili baada ya ibada, watu wawili wanaojua Kiingereza waketi mezani nje ya kanisa, wawasomee wazee barua, fomu na karatasi zao. Kwa habari ya dawa, wasome yaliyoandikwa tu. Pasipoeleweka, mgonjwa arudishwe hospitali akaulize.

(b) Vijana waliomaliza sekondari wawasaidie wa kidato cha kwanza Jumamosi mchana, bila malipo.

(c) Msibani tuseme kwa lugha wanayoielewa wafiwa.

(d) Mama Mwalimu asiachwe baada ya matanga. Umoja wa Mama wamekwisha kuanza kumtembelea. Nasi wanafunzi tuwafuate.

Kwa yule bibi tulikwenda wiki iliyofuata, watu watatu. Alitukaribisha, akatukalisha jikoni penye moto, akatoa karatasi zake kutoka kwenye kopo. Mmoja wetu ni muuguzi. Alizisoma zote taratibu, na bibi akasikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema mwalimu alikuwa akisoma kwa sauti kubwa zaidi. Tukasoma tena.

Maswali ya kuzungumzia katika vikundi

1. Ni mwalimu gani aliyekufundisha jambo ambalo unalitumia hata leo? Unalitumia kwa faida ya nani?
2. Wajane wa Yafa walionyesha nguo. Wewe ukifa leo, jirani zako wataonyesha nini?
3. Je, katika mtaa wetu yuko anayeona haya kuomba asomewe? Tumsaidieje pasipo kumwaibisha?

Tuombe

Ee Bwana Yesu, uliyeitwa Mwalimu na wanafunzi wako, ukawaosha miguu, uwapumzishe walimu wetu waliolala. Na elimu waliyoiweka mikononi mwetu, utufundishe kuigawa. Amina.