Somo la Afya: Kahawa Twaipenda, Maziwa Yatukataa



Wako miongoni mwetu watu ambao kikombe cha kahawa ya maziwa huwaletea taabu. Baada ya nusu saa, au saa mbili hivi, tumbo hujaa gesi, hunguruma na kusokota, kisha mtu hukimbilia choo. Wengi huona haya kusema. Hunywa ili wasimvunje moyo mwenye nyumba, kisha huenda kuumia kwao. Wengine wameacha kahawa kabisa, hali pengine kahawa haina kosa.

Taabu hii yatoka wapi?

Maziwa yana sukari yake ya asili iitwayo laktosi. Glasi moja ya maziwa ya ng'ombe ina gramu 12 hivi. Sukari hiyo lazima ivunjwe katika utumbo mwembamba na kimeng'enya kiitwacho laktesi. Mtoto mchanga anacho tele, lakini kwa watu wengi hupungua baada ya kuachishwa ziwa. Sukari isiyovunjwa hushuka mpaka utumbo mpana. Huko huvuta maji, na vijidudu huichachusha na kufanya gesi.

Basi hili si jambo la aibu, wala si kurogwa. Watu wapatao theluthi mbili duniani wana upungufu huo. Mwaka 2007 wataalamu walioongozwa na Sarah Tishkoff walieleza kwamba baadhi ya watu wa Tanzania, Kenya na Sudan, hasa wafugaji, wamerithi uwezo wa kuendelea kutengeneza laktesi ukubwani. Ndiyo maana majirani wawili hunywa kutoka birika moja, mmoja akalala salama na mwenzake akakesha.

Jipime nyumbani

1. Kwa wiki mbili acha maziwa yote, hata ya chai. Kahawa inywe bila maziwa.

2. Tumbo likitulia, rudia maziwa kidogo. Taabu ikirudi, umeijua sababu.

3. Kahawa tupu nayo ikikusumbua, ipunguze, au inywe baada ya kula.

Namna ya kuendelea

Kuchemsha maziwa hakuondoi laktosi. Maziwa ya mbuzi na ya unga nayo yanayo. Lakini wengi huvumilia kiasi kidogo: vijiko viwili ndani ya kikombe si sawa na glasi nzima.

Kahawa haihitaji maziwa ili iwe kahawa. Watu wa pwani hunywa kahawa chungu kwa kashata, na Wahaya hutafuna buni zilizochemshwa na kukaushwa. Ukitaka kulainisha ukali wake, tui la nazi na maziwa ya soya hayana laktosi. Soya hukatika katika kahawa kali ya moto. Kwa hiyo pasha soya kwanza, acha kahawa ipoe kidogo, kisha uimimine polepole.

Mifupa isisahauliwe. Mtindi huvumiliwa na wengi. Dagaa wanaoliwa na mifupa yao, pamoja na sukuma wiki, husaidia pia.

Onyo

Usimnyime mtoto mchanga ziwa la mama kwa sababu ya somo hili. Na mtu anayekonda, anayeona damu chooni au anayeharisha bila kukoma, asijipime nyumbani, aende hospitali. Mficha maradhi, kilio kitamfichua.

Neno kwa wenyeji

Desturi yetu ni kuchemsha maziwa na majani, au na kahawa, katika sufuria moja. Mgeni hana la kuchagua ila kunywa au kukataa, na akikataa huonekana ana maringo. Weka birika la kahawa peke yake na jagi la maziwa peke yake. Gharama haiongezeki, na kila mtu atajimiminia kiasi chake. Nawe mgeni, sema mapema kwa upole: "Mama, mimi nipe isiyo na maziwa."

Maswali ya kuzungumzia

1. Kwa nini mtu aliyekunywa maziwa salama utotoni huweza kusumbuliwa nayo ukubwani?

2. Je, nyumbani kwako mgeni anaweza kuomba kahawa bila maziwa pasipo kuona haya?

3. Katika mikutano yetu, nani atashughulikia birika la pili?