Wa Kulala au wa Kula? Mafunzo Niliyopata Mgogoni

Dodoso nililokwenda nalo Mgogoni, wilaya ya Micheweni, kwa kazi yangu ya chuo, asili yake ni Marekani. Ni maswali 20 yaliyotungwa Chuo Kikuu cha Jimbo la Iowa na kuchapishwa mwaka 2009, yakipima kama maisha ya nyumbani yanamsukuma mtoto kwenye unene au yanamkinga. Huko Pemba nilijifunza haya.

1. Anza na sinia.
Dodoso linauliza familia inakula pamoja mara ngapi. Nilimuuliza bi mkubwa mmoja wako wangapi nyumbani kwake, akanijibu kwa swali: "Mwanangu, wa kulala au wa kula?" Mtoto analala kwa mamake, chai anakunywa kwa bibi, mchana anatia mkono kwenye sinia la kwa ami yake. Hapo familia ni ipi? Toka siku ile nikawa naandika wanaokula pamoja.

Na sinia lenyewe halina sahani ya kupima. Wali umejaa, mchuzi umemwagiwa juu, samaki yuko upande wa mkubwa, naye humega na kuwasukumia wadogo. Nilijifunza kuutazama mkono huo. Ukimega kwa haki, kila mtoto anapata minofu. Mmegaji akijisahau, mdogo wa mwisho anashiba wali na mchuzi. Mara nyingi wanaume wana sinia lao, kwa hiyo baba anayejibu dodoso huenda hajui watoto wamekula nini. Muulize mama, au bibi.

2. Sukari haiulizwi kwa vijiko.
Kila mtu atakwambia "kidogo tu". Uliza inanunuliwa kiasi gani dukani, inakaa siku ngapi, halafu gawa kwa wanywaji chai. Chumvi vilevile. Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima asifikie gramu 5 kwa siku, maana yake watu wazima sita hawapaswi kumaliza hata kilo moja kwa mwezi. Ila uliza kwanza kama nyumba inatengeneza ng'onda, usije ukawatilia mdomoni chumvi ya samaki.

3. Jana inategemea mwezi.
Shirika la Chakula na Kilimo (FAO) hupima mlo wa wanawake kwa kuhesabu makundi 10 ya vyakula, wakiulizwa walichokula saa 24 zilizopita. Anayefikisha matano ana afadhali. Lakini dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza. Mbalamwezi ikiwaka, mchuuzi wa baiskeli anapita na kapu jepesi, na nyumba ileile inaonekana imefukarika kwa wiki moja. Nilikuwa naandika tarehe ya mwezi mwandamo pembeni ya kila dodoso. Ramadhani niliiacha kabisa. Futari ni hesabu nyingine.

4. Televisheni chumbani.
Swali hili nililipita haraka. Simu ya baba ndiyo ya kuuliza.

5. Mazoezi na kazi viandikwe mbalimbali.
Mtoto wa miaka 5 hadi 17 anatakiwa apate wastani wa dakika 60 kwa siku za kuchemsha mwili. Mama anasema binti yake hafanyi mazoezi, na binti huyo anapita nyuma yetu na ndoo kichwani. Msimu wa karafuu ukifika, wavulana wako juu ya mikarafuu, wasichana wamekaa chini kwenye majamvi wanachambua makonyo mpaka usiku, na kwa kuwa pesa imeingia, soda na biskuti zinapatikana kirahisi.

Ukihesabu mchezo peke yake, msichana ataonekana mvivu. Ukichanganya na kazi, nyumba inayomtwisha mtoto ndoo nyingi ndiyo itakayopata alama nzuri. Kwa hiyo nilichora safu mbili na sikuzijumlisha. Wavulana walikuwa na cha kuandikwa kote kuwili, maana wakitoka chuo cha Kurani jioni hucheza mpira mpaka magharibi. Kwa wasichana waliokwisha kuvunja ungo, safu ya mchezo ilibaki karibu tupu, na hakuna hata swali moja kati ya yale 20 linalouliza nani aliwaondoa uwanjani.