Asidi kali na asidi nyingi: juu ya nini mashamba mawili ya pH moja hayaombi chokaa sawasawa



Kartasi ya pH imeingia sasa katika kooperative nyingi, na ni jambo zuri. Mtu anachanganya udongo na maji, anachovya kartasi, anaangalia rangi. Kisha anasema: shamba langu liko na 4,8, shamba la jirani liko pia na 4,8, basi tununue mifuko sawasawa ya chokaa. Hapo njo franga zinapotelea. Chokaa inatoka mbali, usafiri ni bei kali, na mfuko uliomwagwa fasi ambapo haukuhitajika haurudi tena. Ili kuelewa kosa liko wapi, tupite kidogo katika kemia. Haitachukua muda mrefu.

Asidi ni kitu kinachotoa hidrojeni yenye chaji, ile tunayoandika H+. Base ni kitu kinachoipokea. Kartasi ya pH inahesabu H+ zilizokwisha kutoka, basi. Zile ambazo bado zimeshikwa, haizioni.

Asidi ya batiri ni asidi kali: ukiitia katika maji mengi, karibu kila molekuli inaachilia H+ yake mara moja. Asidi ya vinegre (siki) ni zaifu: katika vinegre ya kawaida, kwa molekuli 1.000, karibu 4 tu zimeachilia. Zingine 996 zimekaa kimya, zimeshikilia. Sasa chukua asidi ya batiri, itie maji mengi mpaka kartasi itoe rangi moja na ya vinegre. (Hii muifanye katika kichwa tu, asidi ya batiri inachoma ngozi na macho.) Kisha tia base pole pole katika vikombe vyote viwili. Kikombe cha batiri kitamalizika upesi. Kikombe cha vinegre kitakula base karibu mara 200 zaidi, juu kila mara base inapookota H+ moja, molekuli ingine inaachilia ya kwake. Rangi ilikuwa moja, lakini ghala nyuma ya rangi haikuwa moja.

Juu ya nini vinegre inashikilia, na juu ya nini inaachilia hata kidogo? Jibu liko katika mtungi wa kasiksi. Pombe ya kasiksi iko na kaboni mbili, oksijeni moja, na hidrojeni juu ya ile oksijeni. Hidrojeni ikitoka, chaji hasi inabaki juu ya oksijeni ile peke yake. Ni kama mzigo wa kilo 100 juu ya mgongo wa mama mmoja: hawezi kuukubali. Kwa hiyo pombe haitoi H+, na kasiksi mpya haina ukali wa siki. Acha mtungi wazi siku mingi, vijidudu vitatumia hewa na kugeuza ile pombe kuwa asidi ya vinegre. Kaboni ni mbili vilevile, lakini sasa kuna oksijeni mbili juu ya kaboni moja. Hidrojeni ikitoka, oksijeni zote mbili zinagawana mzigo. Wanakemia wanapima nguvu hii kwa pKa: pombe iko na 16 hivi, asidi ya vinegre 4,8. Kila hatua moja ni mara 10, kwa hiyo tofauti inapita mara miliari 100, kwa oksijeni moja tu iliyoongezeka! Mimi naona hakuna somo la kemia linalofundisha vizuri kuliko mtungi ule.

Turudi shambani. Humus, ile nyeusi inayotoka kwa majani na samadi iliyooza, imejaa vikundi kama vile vya vinegre: oksijeni mbili juu ya kaboni moja, zinashikilia H+. Udongo wa mfinyanzi nao unashikilia aluminiumu, ambayo inazaa asidi ingine. Kwa hiyo udongo wa mchanga wenye pH 4,8 ni kikombe cha batiri: chokaa kidogo kinatosha. Udongo mweusi wa bondeni wenye pH 4,8 ni kikombe cha vinegre, unaweza kuomba mara 2, mara 3, hata zaidi.

Lakini musiseme humus ni adui. Chini ya pH 5,5 kinachoua mizizi ya maharagi ni zaidi aluminiumu inayoyeyuka. Mizizi inakuwa mifupi na minene. Asidi za humus na za majani mabichi yanayooza, kama yale ya titonia yenye maua ya manjano, zinakamata aluminiumu na kuifunga. Mwenye mboji nyingi anaweza kuvuna vizuri kwa pH ambayo ingeharibu shamba lisilo na mboji. Na hakuna haja ya kukimbilia pH 7. Kwa maharagi, 5,5 mpaka 6 inatosha.

Neno moja juu ya majivu. Ni base ya kweli, na ni ya bure. Lakini wengine wanayachanganya na samadi mbichi ao mkojo wa ng'ombe. Harufu inayochoma pua ni amoniaka: majivu yamenyang'anya amonium H+ yake, na azoti inaruka hewani. Majivu muyatie shambani kwanza, samadi baadaye, wiki kadhaa katikati.

Sasa, namna ya kujua kiasi bila labo. Hektari moja, kina cha sm 20, ni karibu tani 2.000 za udongo. Kwa hiyo tani 1 ya chokaa kwa hektari ni sawa na gramu 5 katika ndoo ya kilo 10, yaani kijiko kimoja kidogo cha chai. Mutwae ndoo 4 za udongo wa shamba moja: ya kwanza bila chokaa, ya pili kijiko 1, ya tatu 2, ya ine 4. Muchanganye vizuri, mulowanishe, mufunike, mungojee wiki 4 mukiangalia udongo usikauke. Kisha pimeni pH na mupande maharagi 5 katika kila ndoo. Kisha wiki 3 ng'oeni, muoshe mizizi, mulinganishe. Ndoo ya chokaa kidogo kabisa yenye mizizi mirefu na myembamba, njo inayoonyesha kiasi cha kununua. Tumieni chokaa ileile mutakayonunua. Ya kupaka nyumba ni kali zaidi na inachoma mikono. Na kila aina ya udongo ipate ndoo zake.