SOMO: UTAKATIFU WA SHAMBANI NA SOKONI

Wakristo wengi wakifungua kitabu cha Mambo ya Walawi hukifunga upesi. Hukutana na sadaka za kuteketezwa na wanyama wasio safi, wakaona hayo ni mambo ya makuhani wa zamani, yasiyotuhusu. Twawasihi mfungue sura ya 19, mwisome yote bila kuruka, ndipo tuendelee.

Sura hiyo yaanza kwa amri kwamba mkutano wote wa Israeli uwe mtakatifu, kwa kuwa Mungu wao ni mtakatifu. Baada ya neno kubwa kama hilo mtu angetazamia habari za madhabahu tu. Sabato na sadaka zimetajwa, ndiyo, lakini mara twajikuta shambani. Mwenye shamba asivune mpaka pembeni kabisa, wala asirudi kuokota masazo. Hayo ni ya maskini na mgeni (mstari wa 9 na 10). Kisha kuna kiziwi asiyetukanwa na kipofu asiyewekewa kikwazo. Liko baraza la hukumu, wako wazee wenye mvi, na karibu na mwisho iko mizani. Katikati ya hayo yote Mungu hutaja jina lake tena na tena, kama mtu atiaye sahihi chini ya kila agizo. Sahihi iliyo chini ya sabato ndiyo iliyo chini ya mizani.

Tukae kidogo kwa kibarua wa mstari wa 13. Ujira wake usilale kwa mwajiri mpaka asubuhi. Kwa nini haraka hiyo? Kwa sababu unga wa jioni hununuliwa kwa kazi ya mchana, na mwajiri akisema "njoo kesho", watoto wa mwenzake walala na njaa. Yatupasa kujiuliza habari za mtumishi wa nyumbani aambiwaye kila mwisho wa mwezi kwamba asubiri mwezi ujao, huku tajiri wake akitia bahasha ya zaka katika sahani Jumapili. Sisi twaona kwamba bahasha ile haikutolewa na yule aliyeitia. Aliyeitoa ni msichana aliyebaki nyumbani akiosha vyombo.

Na mizani je? Wakulima walijua neno lumbesa: gunia hujazwa, kisha huongezewa kilemba juu, likashonwa kwa kamba, na bei ni ya gunia moja. Wengine hulibonyeza debe kwa ndani, lisichukue kiasi chake. Mara nyingi auzaye ni Mkristo, na anunuaye ni Mkristo vilevile.

Sasa twende Yeriko, kwa Zakayo, mkubwa wa watoza ushuru (Luka 19:1-10). Tuangalie utaratibu wa mambo. Yesu ndiye aliyemwita kwanza, naye akaingia nyumbani mwake kabla senti moja haijarudishwa. Basi Zakayo hakununua wokovu. Lakini alipopata mgeni huyo, Luka hatuandikii sala yoyote aliyoomba. Neno lake la kwanza tuliloandikiwa ni hesabu: nusu ya mali kwa maskini, na kila aliyedhulumiwa arudishiwe mara nne. Torati ilimtaka mtu aliyekiri mwenyewe arudishe mali ya watu na kuongeza sehemu ya tano tu (Hesabu 5:7). Mara nne ilikuwa malipo ya mwizi wa kondoo aliyemchinja au kumwuza (Kutoka 22:1). Zakayo alijihukumu kama mwizi huyo. Tena, mtu aliyekwisha kugawa nusu ya mali yake, ikiwa sehemu moja tu kwa nane ya mali yote aliipata kwa hila, nusu iliyobaki huishia katika kulipa. Huenda akabaki na nguo alizovaa!

Afrika Mashariki nayo imeona mambo hayo. Mwaka 1929 daktari Joe Church wa misheni ya Gahini, Rwanda, alikutana Kampala na Simeon Nsibambi, wakasoma Biblia na kuomba pamoja. Katika miaka ya 1930 uamsho ulienea Rwanda na Uganda, kisha Kenya na Tanganyika. Watu walikiri dhambi zao mbele za wenzao, wakalipa madeni, wakarudisha vitu walivyoiba. Katika vita vya Mau Mau, miaka ya 1950, ndugu wengi wa uamsho huko Ugikuyu walikataa kula kiapo, na wako waliokataa pia kushika bunduki za serikali. Wengine waliuawa kwa ajili hiyo.

Lakini hatuwezi kuishia hapo, maana habari yenyewe haikuishia hapo. Katika nchi ileile ya Gahini, kuanzia Aprili 1994, Watutsi waliuawa kwa mamia ya maelfu katika muda wa siku mia moja hivi, pamoja na Wahutu waliokataa uovu ule. Wengi wa wauaji walikuwa wamebatizwa. Watu walikimbilia makanisani, wakauawa humohumo. Walikuwako pia Wakristo waliowaficha jirani zao na kufa nao. Twajua kwamba siasa na propaganda za miaka mingi ziliandaa maovu yale. Hata hivyo swali letu ni hili: watu waliojua kurudisha jembe la jirani walifundishwa nini juu ya kabila la jirani? Walawi 19, mstari wa 34, wataka mgeni apendwe kama mtu ajipendavyo mwenyewe. Mstari huo unakaa hatua mbili tu kabla ya ule wa mizani.

Kwa vikundi vya nyumba kwa nyumba: mkutanapo, kila mtu aseme ni mstari gani wa sura hii angependa upitwe upesi, na kwa nini. Wenye watumishi wazungumze habari za ujira, wenye maduka habari za vipimo. Halafu ulizeni, tunapochagua viongozi wa kanisa letu, kabila la mtu hutajwa wapi: mkutanoni, au njiani tukirudi nyumbani? Someni pia Yakobo 5:1-6.