Dawa za Ugonjwa wa Akili: Shingo Ikipinda, Usitupe Dawa



Leo tunajifunza juu ya dawa za ugonjwa wa akili. Ugonjwa huu humpata mkulima, mvuvi, hata mwalimu. Si aibu, na una dawa.

Zamani wagonjwa wengi walifungwa kamba au kufungiwa ndani kwa miaka mingi. Mwaka 1952 madaktari wa Ufaransa walianza kutibu wagonjwa wa akili kwa dawa iitwayo klopromazini. Wengi walitulia. Tangu hapo dawa nyingine zimepatikana.

KAZI YA DAWA

Klopromazini na haloperidoli humsaidia mtu anayesikia sauti ambazo wengine hawazisikii, au anayeamini bila sababu kwamba watu wanataka kumwua.

Flufenazini ni sindano. Huchomwa kila baada ya wiki 2 hadi 4. Humfaa mtu anayesahau vidonge.

Amitriptilini humsaidia mwenye huzuni nzito isiyokwisha. Nafuu yake huchukua wiki 2 au zaidi. Vumilia.

MAUDHI YA DAWA

Dawa hizi zinaweza kuleta usingizi, mdomo mkavu, kufunga choo, kizunguzungu, mikono kutetemeka au kunenepa. Mweleze mganga. Anaweza kupunguza dawa au kuibadilisha.

Klopromazini hufanya ngozi iungue upesi kwa jua. Mama anayeanika dagaa ufukoni ajifunike vizuri kwa nguo.

Mvuvi anayesinzia kwa sababu ya dawa asiende ziwani usiku. Akisinzia mtumbwini, ataanguka majini. Angoje mpaka mganga amruhusu. Tena, asinywe pombe, maana pombe huongeza usingizi huo.

SHINGO IKIPINDA

Siku za kwanza za kutumia haloperidoli, shingo ya mgonjwa inaweza kupinda upande. Macho hugeuka juu, taya hukaza, ulimi hutoka nje. Ndugu hushtuka na kusema, "Mashetani yamerudi!" Dawa hutupwa, na mgonjwa hafikishwi hospitali.

Ndugu, hayo si mashetani. Dawa ndiyo iliyokaza misuli. Usimpe kidonge kingine mpaka mganga amwone. Mpeleke upesi zahanati, au Hospitali ya Maweni kwa sisi tulio karibu na Mwanga. Chukua na vidonge vyake, mganga avione. Ipo sindano ya kulegeza misuli, na kwa kawaida shingo hunyooka muda mfupi baadaye.

Pumzi ikiwa ngumu, au mwili ukikakamaa pamoja na homa kali, hiyo ni hatari kubwa. Mpeleke hospitali saa hiyo hiyo.

USIACHE DAWA PEKE YAKO

Mgonjwa akipata nafuu hudhani amepona. Akiacha dawa ghafula, ugonjwa unaweza kurudi, pengine kwa nguvu kuliko mwanzo. Mganga ndiye atakayesema lini dawa ipunguzwe. Anayesali au kufanya tambiko afanye, lakini ameze dawa yake.

Mama mjamzito au anayenyonyesha amwambie mganga mapema. Weka vidonge mbali na watoto, maana vikizidi huua.

MASWALI

1. Kwa nini mvuvi anayesinzia kwa dawa asiende ziwani?
2. Shingo ya mgonjwa ikipinda, mtafanya nini?
3. Nyumbani kwenu, nani atamkumbusha mgonjwa kumeza dawa?