Bustani ya Buseresere Huchaguliwa Mwezi wa Nane

Mwezi wa kumi na moja kila mche unapendeza. Mvua imeshika, majani yanang'aa, na ukisimama mbele ya kitalu chochote kati ya Katoro na Buseresere utatamani kubeba kila kitu. Muuzaji naye hana sababu ya kukukumbusha habari za Julai. Ndiyo maana nawashauri watu wanaomaliza kujenga na kutaka kupamba uwanja waanze hesabu zao kutoka upande wa pili wa mwaka: mmea huu utakuwa na hali gani mwezi wa nane, vumbi likiwa limelala juu ya kila jani na maji yakinunuliwa kwa dumu?

Ukanda wetu huu wa Geita na Chato hupata mvua kuanzia Oktoba hadi Mei, ikipungua kidogo Januari na Februari. Baada ya hapo ni kiangazi, Juni hadi Septemba. Miezi hiyo minne ndiyo inayoamua nani atabaki bustanini. Mwanga si tatizo kwetu, wala joto si kali kama la pwani, kwa sababu tuko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari. Maji ndiyo kila kitu.

Tuanze na majani ya kukanyagia, maana ndiyo yanayotamaniwa kuliko yote na ndiyo yanayokula maji kuliko yote. Milimita moja ya maji juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Katika kiangazi, majani yakitakiwa yabaki kijani kibichi huhitaji kama milimita nne hadi tano kwa siku. Uwanja wa mita 10 kwa 10 basi unakunywa lita 400 hadi 500, yaani madumu 20 hadi 25, kila siku ya Mungu, kwa miezi minne. Mwenye kisima chake na pampu anaweza. Anayenunua maji kwa mkokoteni asijaribu. Atatoa hela Juni, atachoka Julai, na Agosti atakuwa na uwanja wa majani yaliyokufa ambao ni mbaya kuliko udongo mtupu.

Ushauri wangu ni kupanda kipande kidogo mbele ya baraza, mita 3 kwa 4 hivi, ambacho madumu matatu kwa siku yanakitosha, na kukipanda ukoka badala ya majani laini yanayoletwa kutoka mijini. Ukoka ukikosa maji hugeuka rangi ya kahawia juu, lakini vitambaazi vyake vilivyo ardhini huwa hai. Mvua mbili za Oktoba zinaurudisha. Sehemu iliyobaki iache kuwa uwanja wa kufagiwa. Wazazi wetu hawakuwa wajinga kuacha uwanja mweupe: nyoka anaonekana, watoto wanacheza, mahindi yanaanikwa. Uwanja uliofagiwa vizuri, wenye kingo za mawe na mimea michache iliyochaguliwa kwa akili, unapendeza bila kumtumikisha mtu.

Kabla ya kununua chochote, chimba shimo. Liwe na kina cha sentimita 60, na lichimbwe kwa sururu mahali hasa unapotaka kupanda. Viwanja vyetu havifanani hata ndani ya mtaa mmoja. Kuna wenye luseni, ule udongo wa kichanga unaotokana na mawe ya majabali, ambao maji huupita haraka na mbolea pia. Kuna wenye udongo wa mbuga, mweusi, unaonata wakati wa mvua na kupasuka nyufa za kuingiza mkono wakati wa jua. Na kuna wengi siku hizi waliosawazishiwa kiwanja kwa greda, kisha ikamwagwa moramu na kushindiliwa. Hao wanapanda maua juu ya barabara bila kujua. Jaza shimo lako maji jioni, rudi asubuhi. Maji yakiwa bado yamesimama, mizizi itaoza humo wakati wa masika. Ama vunja tabaka gumu lililo chini, ama inua tuta, ama tafuta mmea unaovumilia maji kama kanna. Yakiisha kabla hujamaliza kufunga mlango, una luseni, na dawa yake ni samadi iliyooza vizuri, debe mbili kwa kila shimo, na matandazo juu.

Nina jambo moja la kusisitiza kwa watu wa eneo hili la dhahabu. Usichukue mchanga wa marudio kujazia mashimo ya maua wala vyungu vya barazani. Unapatikana bure au kwa bei ndogo, ni laini, na unaonekana safi, lakini ni mawe yaliyosagwa karashani: hauna mboji hata chembe. Zaidi ya hapo, umepita kwenye zebaki, au kwenye matangi ya sayanidi ambako huchanganywa chokaa nyingi. Mtoto atakayechezea kile chungu ndiye atakayebaki na zebaki mikononi. Udongo wa juu kutoka shambani, ukichanganywa na samadi, unatosha kabisa.

Sasa mimea yenyewe. Ningetakiwa kutaja mmoja tu, ningetaja bogenvilia, wala sitasita. Asili yake ni Amerika ya Kusini. Iliingia kwenye vitabu vya wataalamu wa mimea baada ya msafara wa Mfaransa Louis Antoine de Bougainville kupita Brazil katika miaka ya 1760, na jina lake likabaki hapo. Kile kinachoonekana kama ua la zambarau, jekundu au rangi ya chungwa kwa kweli ni majani yaliyobadilika rangi. Ua lenyewe ni kile kitu kidogo cheupe katikati, kama kichwa cha pini. Ndiyo sababu rangi yake hukaa wiki nyingi wakati maua mengine yamekwisha kunyauka siku ya pili.

Kinachoifanya ifae hapa ni kwamba kiu huichochea kuchanua. Maji mengi na mbolea ya urea huifanya ijae majani na matawi marefu yasiyo na rangi, na mwenye nyumba akaishia kulalamika kwamba aliuziwa mbegu mbaya. Ipande mahali penye jua siku nzima, hasa upande wa magharibi wa ukuta wa tofali ambako jua la saa tisa hukausha kila mmea mwingine. Kata kipande cha unene wa penseli na urefu wa kiganja na nusu kutoka kwenye tawi lililokomaa, kichomeke kwenye kiriba kivulini, na uwe na subira, maana huchelewa kutoa mizizi. Ukihamishia shimoni, pasua kiriba kwa wembe bila kuvunja lile fungu la udongo. Mizizi ya bogenvilia haipendi kushikwashikwa. Na iwe mbali na njia ya watoto, kwa sababu miiba yake si ya mchezo.

Vyungu vya barazani vifikirie kwa namna hiyo hiyo: mshubiri, waridi la jangwa lenye shina nene, na sansevieria, ile yenye majani marefu kama panga. Yote huhifadhi maji mwilini. Adui yao ni mkono wenye huruma unaowamwagilia kila jioni.

Kwenye miti watu hukosea umbali. Mkrismasi, ule mti wa Madagaska unaowaka mwekundu kuelekea Desemba, ni mzuri ajabu, lakini hutanuka kama mwavuli na mizizi yake hutambaa juu juu. Upe mita nane au zaidi kutoka kwenye msingi, na uwe mbali vilevile na shimo la choo. Kama kiwanja chako ni kile cha kawaida cha mjini, nyumba katikati na ukuta pembeni, mti wa ashoki ndio unaoingia, kwa kuwa hukua kwenda juu ukiwa mwembamba na unakubali kusimama mita mbili kutoka ukutani. Mwenye nafasi apande msambya, mti wa kwetu huku ziwani wenye maua ya njano, ambao ukikatwa huchipua tena. Mikaratusi iache mashambani.

Tena, kama kiwanja kina mti wa asili uliosimama, mgunga au mkwaju au mninga, mwambie dereva wa greda auzunguke. Katika nchi hii ambayo miti mingi imekwenda kuwa matimba ya maduara na mkaa, mti mkubwa uliokwisha kuzoea viangazi vyetu ni mali ambayo hutaipata kwenye kiriba. Shinyanga walijifunza hili kupitia mradi wa HASHI ulioanza mwaka 1986: maeneo makubwa yalirudi kuwa na miti kwa kufufua desturi ya ngitili, yaani kuifungia ardhi na kuiacha ichipue yenyewe.

Wa kando ya barabara kuu wakumbuke kwamba hifadhi ya barabara ni mita 30 kila upande kutoka katikati, kwa Sheria ya Barabara ya mwaka 2007. Ndani ya eneo hilo usipande mti utakaokuuma ukikatwa. Na wale wa barabara za ndani za vumbi wachague majani laini yanayoteleza, ambayo kopo moja la maji linayasafisha. Majani yenye manyoya yatashika vumbi mpaka Oktoba.

Miche mingi mizuri hutoka mbali. Ikitoka Bukoba, uliza maswali mara mbili. Bukoba hupata mvua karibu milimita 2,000 kwa mwaka, sisi kama nusu yake, na mmea uliolelewa kwa mvua ile utateseka huku hata kama ramani inaonyesha ni jirani. Wala usidhani kwamba kwa kuwa mmea ni wa Tanzania basi utakubali popote Tanzania. Saintpaulia, ua dogo la zambarau linalokaa madirishani Ulaya na Marekani, lilitoka milima ya Usambara. Walter von Saint Paul-Illaire, mtawala wa Kijerumani kule Tanga, alilipeleka kwao mwaka 1892. Limezoea kivuli cha msitu na unyevu wa mawe ya kijito. Liweke kwenye jua la Buseresere uone kama litamaliza wiki.

Uzio una historia yake Usukumani, na jina lake ni minyaa. Kikonyo kilichokatwa na kuachwa siku chache kikauke jeraha hushika bila kumwagiliwa, na mbuzi hawakigusi. Mbuzi ni hoja kubwa, maana mavuno yakiisha mifugo huzagaa, na mche usiozungushiwa miiba utaliwa asubuhi moja. Ila utomvu mweupe wa minyaa ukiingia jichoni huunguza na unaweza kumtia mtu upofu wa muda. Osha kwa maji mengi na uende hospitali. Penye watoto wadogo, pogoa mwenyewe, usiwatume wao. Olianda, yenye maua ya waridi, na ile thevetia ya maua ya njano zinazopandwa sana kama uzio zina sumu katika kila sehemu, kuanzia jani hadi mbegu. Sizipandi nyumbani penye mtoto anayetambaa, na sishauri mtu azipande.

Kuna pia mimea inayotoroka. Lantana ililetwa kama ua la uzio na sasa imejaa malishoni. Gugu maji, linalowatesa wavuvi wa Ziwa Victoria tangu mwishoni mwa miaka ya 1980, lilisafirishwa kutoka Amerika ya Kusini kwa sababu ya uzuri wa maua yake tu. Ukiona mmea unaojiotesha kwenye mtaro wa jirani bila kupandwa, usiukaribishe kwako hata ukipewa bure.

Ukifika kitaluni chagua mche mfupi mnene, uache ule mrefu uliokwisha kuchanua. Geuza kiriba utazame chini: mizizi ikiwa imetoka nje na kujizungusha, mche umekaa humo muda mrefu mno. Ukiupenda hata hivyo, kata ile mizizi iliyojikunja kabla ya kupanda.

Panda mvua ikishalowesha ardhi hadi kina cha kiwiko, mara nyingi Novemba. Usipande chini ya ukingo wa bati. Maji ya paa huchimba mfereji wa upana wa kiganja, hung'oa mche mchanga na kurusha tope jekundu hadi nusu ya ukuta. Weka kokoto kwenye mstari huo na maua yawe mbele yake kwa hatua moja. Udongo wa juu uliouchimba urudishe ukiwa umechanganywa na samadi, ule wa chini utumie kutengeneza kingo za kisahani cha kushikia maji. Tandaza majani makavu, lakini yasiguse shina. Acha nafasi ya kiganja, kwa sababu mchwa huanza na majani yale kisha huhamia kwenye gamba la mche.

Januari ikikauka, na kiangazi chote cha kwanza, upe kila mche nusu dumu mara mbili kwa wiki, jioni, polepole. Kikombe kimoja kila siku hulowesha juu tu na kuifanya mizizi ibaki juu, mahali ambapo jua litaikuta. Kiangazi cha pili iache bogenvilia ijitegemee. Ashoki na msambya ziendelee kupewa nusu dumu kwa wiki hadi zitimize mwaka wa tatu.