Somo: Mazao Yafike, na Mtu Pia Afike

Katika masomo yaliyopita tulizungumza juu ya mbegu, mistari na palizi. Leo tunatoka shambani, tunaingia barabarani.

Tulipotangaza somo hili, mzee mmoja alituuliza: "Nyinyi watu wa kilimo, mambo ya barabara inawaangalia nini?" Inatuangalia sana, mzee. Gunia la maharagi halijakuwa pesa likiwa kwenye depo. Linakuwa pesa likifika sokoni, na yule aliyelibeba afike naye akiwa mzima.

Jambo lililotufundisha

Mwisho wa msimu B mmoja, kwenye mteremko wa kushuka Sake kutoka upande wa Mushaki, kijana wa chukudu aligonga mama mmoja. Wote wawili walikuwa wanachama wa koperative moja. Kijana alikuwa anashusha maharagi ya koperative. Mama alikuwa anarudi nyumbani na kilo 30 za mbegu ya viazi mgongoni, mukanda kwenye kipaji. Mama alivunjika mguu. Mbegu zilimwagika kwenye matope. Msimu uliofuata shamba lake halikupandwa, na pesa ya matibabu ilipita bei ya mzigo wote wa chukudu.

Siku ya mkutano kelele ilikuwa mingi. Wengine walisema: "Vijana ya chukudu wako na kichwa ngumu!" Wengine: "Mama naye alikuwa katikati ya njia!" Tuliomba watu waache kwanza kutafuta mwenye kosa, tutafute sababu. Tukapata nne:

1. Mpira wa freni ya chukudu ulikuwa umeisha.
2. Mama alikuwa upande wa kuume, akipatia mgongo vyombo vinavyoshuka.
3. Kwenye kona, mahindi yalipandwa mpaka ukingo wa barabara. Hakuna aliyeona mbele.
4. Giza lilikuwa limeanza, kwa sababu siku ile depo ilianza kupima mizigo saa ine ya asubuhi na kumaliza jioni.

Angalia vizuri: ya nne haikuwa kosa la kijana wala la mama. Ilikuwa kosa letu, sisi tuliopanga kazi ya depo. Na kama moja tu kati ya hizo ine ingeondolewa, pengine mama angefika kwake.

Kila mmoja anaona nini?

Mwenye kubeba na mukanda wa kipaji hawezi kugeuza kichwa haraka. Anaona miguu yake na mita chache za mbele. Mwenye chukudu anaona mbele, lakini mzigo unamsukuma. Motari anasikia mashini yake tu. Dereva wa Fuso yuko juu. Mtoto akiwa karibu sana na pua ya gari, hamuoni. Na magari mengi yanayofika kwetu yalitengenezwa kwa inchi za kuendeshea kushoto, usukani uko kuume. Dereva wake akitaka kupita gari lingine, haoni vizuri kinachokuja. Ng'ombe yeye haoni barabara, anaona majani ya ng'ambo.

Kwa hiyo usiseme "ameniona". Ujiulize: "Anaweza kuniona?"

Uzito na mbio

Gari ao moto inayoenda kilometa 40 kwa saa inapita mita 11 kwa sekunde moja. Hiyo sekunde ndiyo dereva anayotumia kushituka na kupeleka mguu kwenye freni. Ni kusema, mbele ya freni kufanya kazi, mita 11 zimekwisha. Kiisha freni inaanza. Na mbio ikiongezeka mara mbili, umbali wa kufunga freni unaongezeka mara ine. Kwenye matope ya Walikale, ambako mvua inanyesha karibu mwaka wote, umbali huo unaongezeka tena.

Chukudu haina mashini, lakini mlima ndio mashini yake. Ziwa Kivu liko kwenye mita 1460 hivi juu ya bahari, na vilima vya Masisi vinapita mita 2000. Mzigo wa mia kadhaa za kilo unaoteremka kimo hicho hausimami kwa kupiga kelele "Acha njia!"

Kila mmoja na sehemu yake

*Watembea kwa miguu.* Sheria ya barabara ya inchi yetu, ya tarehe 30 Agosti 1978, inaweka vyombo upande wa kuume. Basi wewe unayetembea shika kushoto, ili kinachokukaribia uwe unakitazama usoni. Kwenye kona kali ambako ukingo unafunika macho, hamia mapema upande wa nje, kiisha rudi. Tembeeni mmoja nyuma ya mwengine. Shona kipande cha gunia jeupe nyuma ya mzigo wako. Kinaonekana kabla ya mtu kuonekana.

*Chukudu na kinga.* Shika kuume, mmoja nyuma ya mwengine, na nafasi kubwa kati yenu kwenye mteremko. Mbele ya kushuka, simama juu: angalia mpira wa freni, gurudumu na kamba. Kanuni yetu ni hii: kama huwezi kusimamisha chukudu katikati ya mteremko, mzigo umezidi. Punguza gunia moja, rudi kulichukua.

*Motari.* Gunia na abiria wawili juu ya moto moja, hapana. Mzigo usipite upana wa usukani sana. Kofia ya mashini ivaliwe kichwani na kufungwa, isitundikwe kwenye mkono. Ukipita mama mwenye mzigo ao mtoto, punguza mbio. Usimpigie honi mgongoni, atashituka na kurukia upande usioujua.

*Madereva.* Njia ikiwa nyembamba kwenye mlima, anayeshuka ndiye amwachie anayepanda. Watu wasikae juu ya magunia.

*Wafugaji.* Ng'ombe wakivuka, mchungaji mmoja asimame mbele na mwengine nyuma, mbali na kona.

Kazi ya mkulima kando ya barabara

Hapa ndipo sisi watu wa kilimo tuna deni letu. Usipande mahindi, matete wala ndizi ndani ya kona: weka maharagi ao viazi, mimea mifupi, kusudi macho yapite. Kwenye ukingo ulio juu ya barabara, panda setaria ao tripsakum kwa mistari ya kukata mlima. Zinashika udongo, zinalisha ng'ombe, na tope halishuki njiani. Ukizikata mara kwa mara, hazifuniki macho.

Usianike mihogo ao maharagi barabarani. Gari linakwepa mihogo yako na kukuta mtu. Na wewe unakusanya vumbi, mavi ya wanyama na mafuta ya mashini, halafu mnunuzi anakupunguzia bei. Anika juu ya shitingi ao meza ya miti, ndani ya kiwanja.

Tena shimo la barabara linasukuma gari upande wa watembea kwa miguu. Siku ya salongo ao ya kantonaje, tuanze na mifereji na kona, hata kabla ya njia ya mbele ya ofisi.

Kumbukeni Kilambo

Wanachama wa Walikale wanakumbuka. Miaka ya 2000, wakati wa biashara kubwa ya kasiterite ya Bisie, ndege ndogo zilikuwa zinatua juu ya barabara ya lami pale Kilambo. Ndege ikikaribia, magari, kinga na watu wa miguu wote walitoka njiani. Hakuna aliyesema "barabara ni yangu". Kila mtu alijua alama na alijua nafasi yake. Kama tuliweza kupisha ndege, tutashindwa kumpisha mama mwenye mbegu mgongoni?

Koperative ile ilifanya nini?

Ilibadilisha saa ya depo: kupima kunaanza saa moja ya asubuhi, wanaotoka mbali wanapimwa kwanza, na hakuna mzigo unaotoka ukipita saa tisa. Mweka-depo anaangalia freni ya chukudu mbele ya kuijaza. Mwenye shamba la kona alikubali kubadilisha mahindi na maharagi. Na sanduku ya solidarite ilitoa mbegu nyingine kwa yule mama, ingawa msimu ulikuwa umempita.

Ajali ikitokea, msikimbie na msipigane. Zuieni kwanza vyombo vingine pande zote mbili. Damu ikitoka, kandamiza kwa kitambaa safi. Usimwinue aliyeanguka kwa kumvuta mikono. Mguu uliovunjika ufungwe kwenye ubao, abebwe kwa kipoyi mpaka kituo cha afya.

Maswali ya kuzungumza katika kikundi

1. Kona gani kwenye njia yetu ya soko inafunika macho? Shamba la pale ni la nani, na nani ataenda kuzungumza naye kwa heshima?
2. Depo yetu inafungua na kufunga saa ngapi? Mwanachama anayetoka mbali zaidi anafika kwake mbele ya saa kumi na mbili?
3. Nani ataangalia freni za chukudu siku ya kusafirisha?

*Zoezi:* Pimeni mita 11 kwa kamba barabarani, siku isiyo ya soko, na mtu mmoja alinde kila upande. Simameni mwisho mmoja, mtazame mwisho mwengine. Hiyo ni sekunde moja. Waonyesheni na watoto.